Sensa ya Bonde la Mizeituni

Ipo nchi moja, wala sisemi kwamba ilikuwapo, kwa sababu ingali ipo na inaendelea vizuri kuliko inavyostahili. Jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba jina lake rasmi huhifadhiwa katika kasha la chuma ndani ya Wizara ya Majina, na anayetaka kulitamka hupaswa kuomba kibali siku kumi na nne kabla ya kufungua kinywa. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye mpangilio. Kila kitu kina daftari lake, kila daftari lina mlinzi wake, na kila mlinzi ana mtu wa kumlinda.

Nchi hiyo huongozwa na Mlezi Mkuu. Mwaka mmoja Mlezi Mkuu alialikwa karamuni ng'ambo, akaandaliwa tunda dogo la kijani lililokolea chumvi. Alilila, akauliza ni nini. Akaambiwa ni zeituni. Akala la pili. Kabla ndege yake haijatua nyumbani, bonde moja la milimani, ambalo wenyeji wake walikuwa wakilima mtama tangu enzi za mababu, lilikwisha kuitwa Bonde la Mizeituni, ingawa hapakuwa na mche hata mmoja. Miche ilifuata baadaye, kama ilivyo desturi ya nchi ile kutanguliza jina na kuchelewesha kitu.

Mizeituni ilipandwa, ikakua, ikazaa. Hapo ndipo alipotokea nzi wa zeituni. Ni nzi mdogo, mdogo kuliko yule wa jikoni, mwenye mabawa yaliyo wazi kama kioo. Jike lake hulitoboa tunda changa, hutaga yai moja na kwenda zake. Funza huanguliwa ndani, hula nyama ya tunda polepole, na wakati wote huo tunda huendelea kung'aa kwa nje. Husemekana kwamba Mlezi Mkuu alipoelezwa tabia hiyo aliwatazama mawaziri wake kwa muda mrefu.

Wataalamu waliitwa. Wakaagiza kwamba nzi wahesabiwe. Kadi mia nne za njano, zilizopakwa gundi na kufungiwa vifuko vya chambo chenye harufu ya mkojo, zilitundikwa katika miti mia nne. Kila mwaka, tangu kokwa linapoanza kuwa gumu hadi siku ya mavuno, nzi walionaswa wangehesabiwa kila Jumanne, madume peke yao na majike peke yao, na idadi ya wiki iliyozidi wiki nyingine zote ndiyo ingeandikwa kuwa idadi ya mwaka. Utaratibu huo ni mzuri, nami sina neno nao.

Lakini wataalamu waligundua kikwazo. Bondeni mlikuwa na watu. Watu hao walikuwa na majiko, majiko yalikuwa na sufuria, na harufu ya mboga ilishindana na harufu ya chambo. Nzi walichanganyikiwa. Sayansi haiwezi kuendelea pamoja na mchicha. Hivyo, Alhamisi moja asubuhi, kaya mia moja na ishirini zilipakiwa katika malori na kupelekwa nyuma ya mlima, katika kambi iliyoitwa Mji wa Muda.

"Msimu mmoja tu," waliambiwa.

Alibakizwa mtu mmoja wa kuhesabu. Huyo ni Shekue Mbaruku, mwanamume wa makamo, mwenye macho makali na mwandiko ulionyooka, ambaye hakuwahi kusema uongo kwa kuwa hakuwahi kupata nafasi ya kujizoeza. Kibali chake kilikuwa cha mtu mmoja na sufuria moja. Mkewe, Mwanamvua, alifunga mzigo wake na kupanda lori pamoja na wengine.

"Mavuno yakiisha nitarudi," alimwambia kutoka juu ya lori. "Wala usinikalie kwa ugali na chumvi kama mtu asiye na mke."

"Mke ninaye," Shekue akajibu, "ila anaondoka."

Hiyo ilikuwa miaka tisa kabla ya mambo ninayokusudia kuyaeleza.

*

Ili msomaji asije akamlaumu asiyestahili, sharti nieleze kwanza Amri ya Hesabu Moja.

Zamani kila wizara ya nchi ile ilikuwa na hesabu zake. Walikuwapo waliohesabu watu, waliohesabu mbuzi, na waliohesabu nguzo za umeme. Siku moja Mlezi Mkuu, akiwa anakunywa chai, aliuliza, "Sisi ni wangapi?" Mawaziri saba wakatoa majibu saba. Chai ikapoa. Jua halijatua, amri ikatoka: taifa ni moja, na hesabu iwe moja. Tangu hapo, kila anayehesabu chochote hupeleka alichokihesabu katika Ofisi ya Jumla. Huko vyote hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo idadi ya wakazi wa nchi. Katika mwaka wa kwanza taifa liliongezeka mara kumi na moja, na nchi jirani zikaanza kulisalimu kwa adabu. Kifungu kikaongezwa katika Katiba kwamba idadi ya taifa haipungui.

Msomaji mwenye haraka atauliza: je, nzi aliyenaswa katika gundi si amekwisha kufa? Amekufa. Lakini madaftari ya nchi ile hayajawahi kumkataa mkazi kwa sababu ya kufa tu, na katika uchaguzi wafu wake hujitokeza mapema kuliko walio hai.

Basi katika msimu wa kwanza Shekue alihesabu nzi elfu thelathini na nane, mia mbili na kumi na watatu. Akajiongeza yeye mwenyewe, kama fomu ilivyomtaka. Mavuno yakaisha. Watu wa Mji wa Muda wakakunja mikeka yao, wakaomba kurudi makwao. Jibu lilikuja likiwa na mihuri mitatu: Bonde lile lina nafasi ya wakazi mia tano, na sasa lina wakazi elfu thelathini na nane, mia mbili na kumi na wanne. Limejaa. Tafadhali msilisonge.

Mwaka wa pili walijibiwa vivyo hivyo. Mwaka wa tatu wengine walichoka, wakatawanyika kwa ndugu zao na katika miji ya pwani. Mwanamvua hakutawanyika. Alibaki kambini, akiomba kila baada ya miezi sita, kwa karatasi isiyo na mkunjo.

Wala Shekue hangeweza kumfuata. Mji wa Muda nao ulikuwa na idadi yake, kitanda kimoja kwa mtu mmoja, na mtu hahesabiwi mahali pawili. Aliruhusiwa kutoka bondeni siku moja tu kwa mwaka, kwa barua na kwa shughuli za ofisi tu, na kurudi kabla ya magharibi.

*

Siku hiyo ya mwaka wa tano aliitumia kwenda Ofisi ya Makazi katika mji mkuu. Alipokewa na karani mmoja mnene mwenye sauti ya upole, Bwana Kilindo, ambaye meza yake ilikuwa na mihuri mingi kuliko kalamu.

"Shikamoo," alisema Kilindo, maana adabu alikuwa nayo. "Karibu, mzee wangu. Una shida gani?"

"Marahaba. Nataka mke wangu arudi nyumbani."

Kilindo alifungua daftari, akalisoma kwa kidole. "Bonde la Mizeituni. Ala! Limejaa, mzee."

"Limejaa nini, mwanangu?"

"Wakazi."

"Mkazi ni mimi."

"Wewe ni mmoja wao. Tena umeandikwa wa mwisho, jambo linaloonyesha unyenyekevu wako."

"Hao wengine ni nzi."

Kilindo alifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunika mwili wa marehemu. "Mzee wangu, nakuheshimu kama baba. Lakini neno hilo usilirudie. Ofisi hii haibagui. Aliyehesabiwa amehesabiwa."

"Niliwahesabu mimi mwenyewe! Mmoja mmoja, kwa kibanio."

"Basi unawajua kuliko sisi. Wewe ndiye unayepaswa kuwa wa kwanza kuwatetea." Akainama mbele, akashusha sauti. "Nikuambie kitu, kwa sababu umri wako ni wa baba yangu. Tatizo si mke wako. Tatizo ni idadi. Ikishuka chini ya mia tano, hata kwa mtu mmoja, nagonga muhuri siku hiyohiyo. Sitauliza kitu."

"Hata kwa mmoja?"

"Hata kwa mmoja. Sisi si watu wabaya."

Shekue alishukuru, akaondoka. Mlangoni alikutana na bango lililoandikwa NAFASI IPO, lakini lilikuwa likielekeza chooni.

*

Bonde lenye wakazi wengi kiasi hicho haliwezi kukosa mbunge. Lilipewa Mheshimiwa Makofi, aliyekuwa amepata kura elfu thelathini na nane, mia mbili na kumi na tatu. Kura moja tu ilimkataa, naye alisema hadharani kwamba amemsamehe aliyeipiga. Katika mwaka wa sita alifika bondeni kuwashukuru waliomchagua. Alileta jukwaa, kipaza sauti, na lori lililobeba vyandarua elfu thelathini na nane.

"Wananchi wenzangu!" alianza, akiikabili mizeituni. "Nawaona mlivyofurika! Wapo waliosema kwamba bonde hili limetupwa. Waje leo waone wenyewe! Nani alileta maendeleo hapa?"

Upepo ulipita, majani yakageuza upande wake wa fedha.

"Nawasikia," alisema Mheshimiwa kwa kuridhika. "Hamna makuu. Mnanong'ona tu."

Aliposhuka jukwaani alimvuta Shekue kando. "Mzee, hawa watu mbona hawashuki mitini?"

"Ni nzi, Mheshimiwa."

"Usiwatukane wapiga kura wangu."

"Sitoi tusi. Nakueleza. Na hivi vyandarua, Mheshimiwa, sijui watavitumiaje."

"Kila kaya itajua matumizi yake. Una jambo jingine?"

Shekue alimweleza habari za mkewe, kwa ufupi. Mheshimiwa Makofi alimsikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Nitalisimamia jambo hili," alisema. Kisha akaongeza, kama ndugu kwa ndugu, "Ila tusidanganyane. Waliokuwa wakiishi hapa zamani walikuwa na maneno mengi. Barabara, maji, zahanati. Hawa wa sasa, mwaka wa sita huu, sijaletewa lalamiko hata moja. Nikuulize wewe mtu mzima: ungekuwa mimi, ungemwingiza mke wa mtu?"

Akaondoka na jukwaa lake. Vyandarua vikabaki. Shekue alitundika kimoja juu ya kitanda chake na kukitazama usiku kucha, kwa sababu kilikuwa cha watu wawili.

*

Nisimwonee haya msomaji. Ni lazima nieleze jinsi mtu yule alivyoishi.

Mwanzoni aliandaa vikombe viwili kila asubuhi. Akaacha, maana kikombe kisichonywewa nacho huhitaji kuoshwa. Aliwajulia hali majirani waliohama, akipita mbele ya milango yao na kubisha hodi kwa sauti ndogo, kisha akaacha hilo pia, baada ya siku moja kudhani kwamba ameitikiwa. Alibaki na kadi zake. Aliijua kadi ya mia mbili na sita, iliyopata nzi wengi kwa kuwa ilielekea mashariki, na ya tatu, ambayo haikupata kitu, na ambayo kwa sababu hiyo aliihurumia na kuizuru mara mbili.

Fomu ya kila wiki ilitaka sahihi mbili: ya mhesabu na ya shahidi. Shekue aliandika kuuliza shahidi atatoka wapi. Akajibiwa kwamba mhesabu, akiwa peke yake, ahamie upande wa pili wa meza na kutia sahihi kama shahidi, baada ya kumwuliza mhesabu maswali yaliyowekwa. Hivyo kila Jumanne jioni alikaa upande mmoja na kusema, "Umewahesabu wote?" Akazunguka meza, akaketi, akajibu, "Nimewahesabu wote." Akazunguka tena. "Hukumwacha hata mmoja?" Akazunguka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya juma zima, naye aliyangojea kwa hamu.

Mara moja kwa mwezi lori lilikuja kuchukua fomu na kuleta chumvi, mafuta ya taa na barua. Dereva alipomsalimu, sauti ya Shekue ilitoka ikiwa na kutu, naye alilazimika kukohoa kabla ya kuitikia.

Ndipo ilipofika barua hii ya Mwanamvua, aliyoiandika kwa penseli:

"Mume wangu, umeniandikia tena kwamba nafasi ni mia tano, kana kwamba mimi ni msahaulifu. Sasa umefanya nini? Baba yako alipunguza panya ghalani bila kuomba kibali cha mtu. Zeituni zilizoanguka ndizo zinazolea funza. Hata sisi tuliokuwa tukilima mtama tunajua kwamba tunda bovu halilazwi shambani. Ziokote. Zifukie kwa kina cha mkono mzima. Wewe huko okota matunda. Mimi huku naokota siku."

Shekue aliisoma, akazunguka meza, akaisoma tena upande wa pili. Kesho yake alichukua jembe na kikapu.

Kwa misimu mitatu alifanya kazi ya watu mia moja na ishirini. Aliokota kila tunda lililoanguka chini ya miti yote, akalifukia. Alipogoa matawi ili jua liingie. Alichemsha majani ya mwarobaini na kuyanyunyizia kwa ufagio. Mgongo wake ukapinda, naye hakumwambia mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Msimu wa kwanza wa kazi hiyo nzi wakawa elfu ishirini na moja. Msimu wa pili wakawa elfu sita na arobaini. Mizeituni, ambayo haikuwahi kutoa zeituni nzima tangu ipandwe, ikazaa matunda mazuri yasiyo na tundu hata moja. Hakuna ofisi iliyouliza habari za matunda.

Msimu wa tatu, katika wiki ya kilele, alihesabu mara moja, akahesabu mara ya pili, akazunguka meza, akahesabu mara ya tatu. Nzi mia nne tisini na wanane. Pamoja na yeye, mia nne tisini na tisa.

Hangeweza kuandika vinginevyo. Lakini nakiri kwamba hakuna mtu aliyepata kuandika ukweli kwa furaha namna ile.

*

Bwana Kilindo alitimiza ahadi yake. Barua yake kwa Mwanamvua, ambayo nakala ilipelekwa bondeni, ilisema: "Nafasi moja ipo. Mwombaji ataingia siku ambayo kurejeshwa kwa wakazi kutatangazwa."

Bahati mbaya, katika Ofisi ya Jumla yupo mtu ambaye kazi yake ni kusoma.

Juma lililofuata bendera zilishushwa nusu mlingoti. Redio ikaacha muziki. Mlezi Mkuu mwenyewe, kwa sauti iliyokatikakatika, alilitangazia taifa maafa ya Bonde la Mizeituni, ambako makumi ya maelfu ya wananchi wasio na hatia walikuwa wametoweka. Siku tatu za maombolezo zikawekwa. Shekue, akiwa manusura pekee aliyejulikana, aliletewa shada la maua na kilo mbili za sukari.

Pamoja na sukari ilifika Tume, na mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Makofi, aliyevaa suti nyeusi na kulia tangu alipovuka kizuizi cha barabarani.

"Wananchi wangu wako wapi?" aliuliza.

"Nimewafukia, Mheshimiwa."

"Nani aliwaua?"

"Mimi."

"Kwa silaha gani?"

"Jembe na kikapu."

Karani wa Tume alikosea mstari, akaomba jibu lirudiwe. Shekue akalirudia.

"Na sababu?" Makofi aliuliza, na safari hii hakuwa akilia.

"Mke wangu apate pa kukaa."

Wajumbe waliiacha meza ile iliyozoea kuzungukwa, wakatoka nje kushauriana. Kumshitaki Shekue kungekuwa kukiri kwamba idadi ya taifa imepungua, na Katiba inasema haipungui. Kisichoweza kutokea hakiwezi kuwa na mkosaji. Baada ya chakula cha mchana, Tume ilitoa uamuzi wake: wakazi wa Bonde hawakufa, bali walihama kwa hiari kutokana na upweke, na Serikali, kwa kuwa ni yenye huruma, itawarejesha.

Jioni ile redio ilipiga muziki tena. Kisha ikatangaza: "Wakazi wote wa Bonde la Mizeituni watarejeshwa makwao Jumanne ijayo, saa nne asubuhi."

Shekue alisikia, akaketi chini palepale alipokuwa.

*

Alikuwa na siku tano. Alifagia nyumba yake, kisha akafagia nyua za jirani, moja baada ya nyingine, akang'oa magugu vizingitini, maana hakujua ni wangapi wangerudi naye hakutaka yeyote akute mlango wake umesahauliwa. Jumanne alfajiri alipika wali na maharage. Akavaa kanzu yake, akasimama kando ya barabara akijizoeza kusema "karibuni", ili sauti isije ikakwama.

Saa nne kamili yalifika malori sita, yamefunikwa kwa maturubai. Ndani yake mlisikika mvumo, kama wa watu wengi wanaozungumza katika chumba cha pili.

"Karibuni!" Shekue alisema. "Karibuni nyumbani!"

Afisa mmoja alishuka akiwa na ubao wa kuandikia. "Wewe ndiye mwenyeji? Tia sahihi hapa. Wakazi elfu thelathini na saba, mia saba na kumi na watano, wazima wa afya, kutoka Chuo cha Wadudu. Ukijumlisha na mliopo, idadi inarudi ileile ya zamani. Barabara kabisa."

Maturubai yakafunuliwa. Palikuwa na vizimba vya wavu, vimepangwa hadi juu. Wapagazi wakafungua vilango, na wakazi wakatoka, wakapanda hewani kama moshi mwembamba, wakaielekea mizeituni iliyosheheni matunda mazima.

Shekue aliwatazama hadi wa mwisho. Kisha akalizunguka kila lori, akachungulia chini ya turubai la kila moja.

"Hakuna mwingine?" aliuliza.

"Mwingine nani? Hesabu imetimia," afisa alijibu. Halafu akakumbuka. "Kuna mama mmoja pale kwenye kizuizi cha barabarani, ana mzigo. Mama mwema sana. Tulipokuwa tukipita alitupigia vigelegele."

*

Kutoka nyumbani hadi kizuizini ni mwendo wa saa nzima kupanda mlima. Shekue aliupanda akiwa ameshika upindo wa kanzu mkononi.

Mwanamvua alikuwa ameketi juu ya mzigo wake upande wa pili wa boriti iliyozuia barabara. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyeupe, jambo ambalo hakuliandika katika barua hata moja. Mlinzi wa kizuizi, Sajini Machumu, mtu mzima mwenye mvi na daftari, alikuwa amemletea maji ya kunywa.

"Umekonda," Mwanamvua alisema.

"Nawe umechelewa."

"Mimi? Nimefika hapa jogoo la pili! Nilikuwa wa kwanza, nikangoja boriti ifunguliwe." Alitazama chini. "Malori yakaja yakipiga honi. Nikajua ni majirani. Nikajisemea, mwenye miguu hamzuii mwenye watoto na vyombo. Nikawapisha."

Sajini Machumu alikohoa. "Ungetangulia kuingia, mama, ningemrudisha nzi mmoja. Sasa hesabu imetimia. Barua yako ni halali, lakini nafasi yako imekaliwa."

"Basi nitoke mimi," Shekue alisema. "Twende naye Mji wa Muda."

"Kule kitanda ni kimoja, mzee wangu. Tena siwezi kumtoa mtu bila kumwingiza mtu. Nitakuwa nimelipunguza taifa." Sajini alilitazama daftari lake kwa muda, kama anayetafuta humo ukurasa aliopata kuuona zamani. "Ninachoweza ni kubadilishana. Mmoja atoke, mmoja aingie. Idadi za pande zote zibaki kama zilivyo. Hilo sheria hailikatazi."

 Wote wawili walikuwa wameelewa vizuri, maana miaka tisa katika nchi ile huwafanya watu wepesi wa kuelewa.

"Sijaiona nyumba yangu miaka tisa," Mwanamvua alisema kwa sauti ndogo. "Wala kaburi la mama."

"Nimelipalilia. Ingia," Shekue alisema. "Nimefagia. Wali uko mezani. Ufunike vizuri, nzi ni wengi leo."

"Na wewe?"

"Mimi nimekwisha kukaa huko vya kutosha."

Mwanamvua alisimama, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Kitanda changu ni cha tatu kutoka mlangoni. Mguu mmoja umeoza, kuna tofali chini yake, usilisukume. Anayelala upande wa dirishani ni mkoromaji, lakini ana roho nzuri, atakupa chai. Blanketi liko chini ya mto. Usilale bila blanketi, kule kuna umande."

"Jumanne ndiyo siku ya kuhesabu. Kibanio kiko katika kopo la majani ya chai. Sehemu ya shahidi utazunguka meza."

"Nizunguke meza?"

"Utazoea."

Sajini Machumu aliinua boriti. "Wote wawili simameni hapa katikati niwaandike," alisema.

Wakasimama katikati ya barabara, chini ya ile boriti iliyoinuliwa, bega kwa bega. Sajini alichonga penseli yake, ingawa ilikuwa na ncha. Akauliza jina la anayetoka, na jina la baba yake, na la babu yake, na la baba wa babu yake. Akauliza ya anayeingia vilevile, na ya upande wa mama pia, herufi kwa herufi, akafuta, akaandika upya. Fomu ile ilikuwa na nafasi ya jina moja tu, mimi nimeiona. Walijibu kwa zamu, huku mkono wa mmoja ukiwa ndani ya mkono wa mwingine, mpaka mababu wa pande zote wakaisha na Sajini akakosa la kuuliza.

Ndipo Mwanamvua alipotwaa mzigo wake na kuteremka bondeni, na Shekue akaelekea nyuma ya mlima. Boriti ikashushwa.

Kesho yake asubuhi redio ilitangaza kwa furaha kwamba idadi ya taifa haikubadilika.